Mwamba wa Kuhimili Mtani

Mume wangu Damiani alifundishwa uashi na mabruda wa misheni, na mabruda walimfundisha kujenga vitu vitatu: ukuta wa mawe, tangi la maji ya mvua, na pango la Bikira Maria. Kwa hiyo Ndugu Laurenti wa kituo cha uvuvi alipomwomba apange mawe ya matumbawe ndani ya tangi kubwa la kioo, ili samaki waishi humo kama wanavyoishi baharini, mimi nilijua kitakachotokea. Tangi lilikuwa tayari. Ukuta haukuhitajika. Lilibaki pango.

Tangi lenyewe alilijenga yeye, pale Kilwa Masoko, ndani ya banda ambalo zamani ziliwekwa nyavu. Pande tatu zilikuwa za saruji, na upande wa mbele ulikuwa kioo kimoja, kirefu kuliko vitanda viwili vikiunganishwa, kinene kama kitabu cha misa cha padre. Kioo kilitoka Dar es Salaam kwa meli, kimefungwa katikati ya magodoro ya sufi, na siku kiliposhushwa watu walinyamaza kama wako mazikoni. Hakikuwapo kingine. Siku ya Saba Saba watu wa vijiji vya ujamaa wangekuja kutazama, hasa wale wa bara ambao samaki wamezoea kumwona akiwa mkavu. Wakati ule kulikuwa na watu waliovua kwa baruti, na Ndugu Laurenti alitaka wananchi waone mwamba ulivyo ukiwa hai, kabla haujageuzwa kifusi.

Damiani alikuwa kibarua tu, na kibarua chake kilikuwa kiishe pamoja na tangi. Ndugu Laurenti alimwambia wazi, kwa adabu, maana alikuwa kijana aliyelelewa vizuri huko kwao kando ya Ziwa: mawe yakisimama imara, atamwombea kazi ya kudumu pale kituoni. Yakianguka, au yakivunja kioo, hataweza kumtetea, na itabidi turudi kwetu Newala.

Kwetu Newala ardhi ni nzuri na watu ni wema, lakini maji yako bondeni, na bonde liko mbali. Shingo yangu imekuwa fupi kwa ndoo. Masoko kulikuwa na bomba karibu na ofisi, na kulikuwa na darasa la jioni la watu wazima, ambako nilikuwa nimeanza kusoma maneno marefu bila kupumzika katikati. Kila nilipofungua bomba lile nilisema, Mungu ambariki aliyelitengeneza. Damiani alisema ninalisalia bomba. Nilimjibu kwamba yeye asimamishe mawe, mimi nitasali, tuone nani atachoka kwanza.

Mtu wa nne katika habari hii ni Hasani Dadi, mshona nyavu wa kituo, Mmwera wa Milola, mtu wa swala tano. Sisi ni Wamakonde. Wazee wa pande zetu walituachia utani, na Hasani aliupokea kama mtu aliyerithishwa shamba la mikorosho: aliupalilia kila siku.

"Mtani," alimwambia Damiani siku pampu ilipojaribiwa na maji ya bahari yakaanza kupanda ndani ya tangi, "kwenu maji mnagombania na nyuki. Leo umepewa maji yote haya, na jambo la kwanza unalotaka ni kuyajaza mawe."

"Nayajaza mawe ili Wamwera msiyanywe."

"Maji ya chumvi?"

"Mtajuaje tofauti?" alisema Damiani, akaendelea kukoroga saruji yake.

Mawe tuliyaokota maji yalipokupwa, mimi na Kidawa, mke wa Hasani, pamoja na wanawake wengine wa darasa. Ndugu Laurenti alikataza kuvunja tumbawe lililo hai. Tulichukua yale tu yaliyolala yenyewe, yenye majani ya bahari na vidudu vilivyojishikiza, tukayabeba chini ya magunia mabichi ili kilichomo kisife.

"Natalia," Kidawa aliniambia tukiwa njiani na mizigo kichwani, "wewe umekimbia ndoo za kwenu, umekuja kubeba mawe ya kwetu."

"Mawe hayamwagiki," nilimjibu.

"Hilo nalo ni kweli," akasema, tukapumzika.

Basi Damiani akaanza. Fundi mwashi hawezi kulaza jiwe kabla hajamwaga mchanga. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo walivyofundishwa waliomfundisha. Mchanga kwanza, pimamaji juu yake, kisha jiwe. Alimwaga mchanga mweupe chini ya tangi lote, kina cha shubiri, akausawazisha mpaka ukawa kama kitanda cha bibi harusi. Juu yake akapanga mawe bila saruji, kwa kuwa Ndugu Laurenti alisema saruji mbichi itawadhuru samaki. Alifanya kazi na timazi mkononi, ule uzi wa kunyooshea ukuta. Nilimwambia kuwa baharini sijawahi kuona mwamba uliopigwa timazi. Alisema ndiyo maana miamba ya baharini imepinda.

Likatokea pango. Lilikuwa na upinde katikati na mabawa mawili, na nyuma kabisa, kwenye ukuta, palikuwa na kishubaka kidogo kitupu, kama panangoja mtu aje kusimama. Maji yalijazwa, samaki wadogo wakatiwa, na watu wote wa kituo wakaja kuangalia.

"Ni kazi nzuri sana, mzee," alisema Ndugu Laurenti.

"Nzuri mno," alisema Kidawa.

Hasani alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mtani, nauliza nipate kujua tu. Samaki watapigia magoti wapi?"

"Samaki hana magoti."

"Basi kanisa la nini?" Akainama, akatazama kulia na kushoto, akatazama jua mlangoni. "Lakini ngoja. Ukuta huu wa nyuma si ndio kaskazini? Na kibla chetu si kaskazini? Ndugu zangu, huyu mtu ametujengea mihrabu. Mtani, Mwenyezi Mungu akulipe."

Watu walicheka mpaka Ndugu Laurenti akageuka kujifanya anakagua pampu. Damiani hakusema neno na Hasani mpaka wakati wa chakula, na hata hapo alimwomba chumvi tu.

Kesho yake Hasani alikuja na ndoo. Ndani yake mlikuwa na kikande, samaki bapa mwenye mdomo mdogo wa meno na macho yaliyopanda karibu na mgongo, kama mtu anayekutazama juu ya miwani.

"Huyu ni mjomba wangu," alisema. "Amekuja kukagua jengo."

Ndugu Laurenti alifurahi. Mwamba wa kweli una vikande, alisema, aingie. Akaingia. Alizunguka pango mara kadhaa, polepole, akanusa pembe zote, kisha akatulia mbele ya bawa la kushoto kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Jumatatu tulipofungua banda, pango halikuwapo. Upinde ulikuwa umeketi chini, bawa moja limelala kifudifudi, na jiwe kubwa lililokuwa kileleni lilikuwa limebingirika mpaka karibu na kioo. Baina yake na kioo ungeweza kupitisha vidole viwili, vyembamba. Samaki walikuwa wazima, wamejikusanya pembeni. Kikande peke yake alikuwa akitembea juu ya magofu kama mwenye nyumba.

Tulisimama. Ndugu Laurenti alivua kofia.

"Mzee Damiani, sitaki kukuvunja moyo," alisema. "Lakini jiwe lile likigusa kioo kile, mimi sina kioo kingine cha kuomba. Nikupe nafasi moja zaidi. Ikishindikana, tangi tutaliacha na mchanga mtupu na samaki wachache, na kibarua kitakuwa kimekwisha."

"Nimeelewa, Ndugu," alisema Damiani.

Hasani alikuwa amekuja nyuma yetu. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Mjomba ametoa maoni yake," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Mtu mwingine angeshtakiwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mtani hashtakiwi. Hata kumnunia ni aibu. Watu watasema hujui ulikotoka. Nyumbani Damiani alisali rozari nzima akiwa ameuma meno, na nilimwuliza kama Bikira Maria anasikia vizuri kwa njia hiyo. Aliniambia nisali zangu.

Lakini ni mtu wa kazi. Siku iliyofuata nilimpelekea chakula cha mchana, nikamkuta amelala kwa tumbo juu ya gunia mbele ya kioo, kidevu kwenye ngumi, anamtazama kikande.

"Anapuliza," alisema bila kugeuka.

"Anapuliza nini?"

"Maji. Kaa chini uone."

Nilikaa. Kikande alishusha kichwa kwenye mguu wa jiwe, akatupa maji kwa kinywa chake, na mchanga ukaruka kama pumba za ungo. Akapumzika, akapuliza tena. Alikuwa anatafuta vidudu vya kula, hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Kidogo kidogo shimo lilifika chini ya jiwe, na jiwe likainama upande wa shimo kama mzee anayesinzia.

"Si mawe yaliyoanguka," Damiani alisema. "Ni mchanga ulioondoka. Nimejenga nyumba juu ya mchanga, Mama Eusebio. Padre amelihubiri jambo hili mbele yangu mwaka hadi mwaka, nami nimekaa benchi la mbele."

"Labda ulikuwa unatazama pango," nilisema.

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na hata chakula alikila.

Basi walianza upya, yeye na Ndugu Laurenti, na nilipenda kuwasikiliza maana kila mmoja alikuwa na la kumpa mwenzake. Samaki walihamishiwa mapipani, maji yakatolewa, mchanga ukafagiliwa wote pembeni, na mawe makubwa yakawekwa moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi. Mchanga ungerudishwa mwishoni, kuyazunguka miguuni, auchimbe atakaye. Ndugu Laurenti alitaka mawe yasiegemee ukuta, ili maji yazunguke hata nyuma na uchafu usikae. Alitaka pia upana wa mkono mzima uachwe mbele, ili mtu aweze kusugua kioo bila kugusa jiwe. Damiani alitaka chini pawe papana na juu pembamba. Kila jiwe alilijaribu mpaka likakaa kwenye sehemu tatu bila kucheza, na kila la juu lilipanda mgongoni mwa mawili ya chini, yafungane kama ukuta ulivyofungana.

Kazi yangu ilikuwa kukalia. Damiani alisema mimi ndiye mzito aliye karibu, nami nikamwambia kwamba maneno hayo angemwambia mwanamke mwingine angelala njaa. Niliingia kwenye tangi kavu na kitabu changu cha darasa, nikakalia jiwe moja baada ya jingine, nikisoma habari ya kilimo cha pamba kwa sauti. Jiwe likitikisika kabla ya nukta, lilishuka likatafutiwa nafasi nyingine. Habari ya pamba niliisoma mara nyingi hata leo ningeweza kulima.

Mara hii halikuwa pango. Vilikuwa vilima viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na kijia cha mchanga katikati, na matundu mengi ya kujificha. Kwenye kilima cha kushoto lilibaki tundu moja lenye umbo ninalolijua.

Hasani hakuwapo wakati huo. Alikuwa amekwenda Milola kuvuna mtama wa mama yake. Nilidhani Damiani atafurahia utulivu, lakini haikuwa hivyo. Aliwaita watu waje kuyajaribu mawe. Ndugu Laurenti aliligusa moja kwa vidole viwili, kama mtu anayepima homa, akasema yako imara. Mlinzi alilisukuma jingine kidogo, akaomba radhi. Kidawa alisema, "Mazuri, shemeji," hata hakunyoosha mkono.

"Unaona?" Damiani aliniambia jioni. "Kila mtu ananiheshimu. Nitajuaje kama linasimama?"

"Hasani angelipiga teke."

"Hasani angelipiga teke," alisema, kama mtu anayemkumbuka marehemu.

Kisha nikaona uso wake ukibadilika. Kwetu siku ya furaha yako mtani huja kuchukua kitu. Haombi. Ananyanyua kuku, au sufuria, au kiti ulichokuwa umekikalia, na wewe huruhusiwi kumkaripia. Ukitaka kitu chako, unakikomboa kwa chakula na maneno mazuri.

"Saba Saba atarudi," alisema. "Ni siku yangu. Atachukua kitu mbele ya watu. Hapa sina kuku."

"Una mawe," nilisema.

"Nina mawe."

Tangu hapo alijenga kwa namna nyingine. Alikuwa akivuta jiwe moja toka kilimani na kutazama mengine yatafanya nini. Yakianguka, alipanga upya mpaka yaliyobaki yakaweza kushikana yenyewe. Jiwe la kileleni alilifanya jepesi kung'oka, makusudi, kwa kuwa kila mtu huchukua kilicho juu. Mimi nilizunguka nyuma yake nikiuliza. Na hili? Na hili je? Nilipofika kwenye jiwe la mguuni mwa kilima cha kushoto, lile lililobeba karibu nusu ya mzigo, nikauliza, na hili? Alikasirika.

"Hata kanisa kuu ukiling'oa msingi litaanguka, Mama Eusebio. Nani ataingiza mkono mpaka huko chini akalowa hadi kwapani?"

Nilichukua kitabu changu nikaenda darasani. Lakini asubuhi yake nilipokuja na uji, kilima cha kushoto kilikuwa kimebomolewa chote, na Damiani alikuwa akikipanga tena, na hakutaka kuzungumza. Alipokimaliza sikujua kama jiwe lile sasa linaweza kutoka au haliwezi. Siku hiyo hiyo mchanga na maji vilirudishwa, kikande na wenzake wakatiwa tena, na hapakuwa tena na nafasi ya kukalia.

Siku ya Saba Saba watu walikuja tangu asubuhi, wa Kivinje kwa malori, wa Songo Mnara kwa mashua, na kundi kubwa la wakulima wa Milola na vijiji vya kule, ambao walitoka nyumbani mapema kuliko wote. Tulipoingia bandani tulikuta kamba. Ndugu Laurenti alikuwa ameifunga toka nguzo hadi nguzo, mbali na tangi, na hapakuwa na ruhusa ya kuivuka. Kutoka pale kwenye kamba, mawe yalionekana kama mawe, na samaki kama vumbi linalotembea.

"Ni kwa usalama tu, mzee," alimwambia Damiani. Hakumtazama usoni. "Watu ni wengi. Hatujui mawe yatakavyokuwa. Leo ipite salama, kisha ile habari ya kazi yako tutaona."

Damiani alisema ndiyo. Nilijua neno tutaona lina maana gani. Nilianza kuwaza ni ndoo zipi tumeacha Newala na zipi zimetoboka.

Wazee wa Milola walikuwa wamejipanga kwenye kamba wakinyoosha shingo. Mmoja aliuliza mwamba wenyewe uko wapi. Mwingine akamwambia huo hapo, yule wa kwanza akasema, aa, na adabu ikamzuia kuuliza zaidi. Wakati huo Hasani akajitokeza katikati yao, kanzu safi, vumbi la safari miguuni. Aliitazama kamba. Akamtazama Damiani, aliyekuwa amesimama pembeni kama mgeni kwenye kazi yake mwenyewe. Akaivuka kamba mguu mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Ndugu Hasani," alisema Ndugu Laurenti, "tumekubaliana hakuna mtu kuvuka."

"Mimi si mtu, mimi ni mtani," alisema Hasani. Akawageukia watu wa kwao. "Jamani, leo Mmakonde huyu ana furaha. Mwezi mzima nimekuwa mbali, sijala chochote chake. Kwa hiyo nachukua."

Milola yote ikacheka, kwa kuwa walijua. Ndugu Laurenti hakuujua utani wa pande zetu, au aliujua kwa kusikia tu. Hasani alikuwa ameshavua kanzu, amebaki na fulana, amepanda kwenye ngazi ya nyuma ya tangi tunayotumia kulishia samaki.

"Shuka," alisema Ndugu Laurenti, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee Damiani, mwambie ashuke. Ukisema wewe atashuka."

Damiani angeweza kusema. Angesema neno moja, Hasani angeshuka akicheka, jiwe lisingeguswa, na leo ingepita salama. Nilimtazama. Alikuwa anatazama kilima cha kushoto.

"Mwache," alisema. "Ana haki yake."

Nilianza Salamu Maria, nikapotea katikati, nikaanza tena toka mwanzo.

Hasani aliinama juu ya maji. Aliligusa jiwe la kileleni kwa kidole, nalo likacheza.

"Hili umelilegeza kwa ajili yangu," alisema. "Nakufahamu. Sina haja nalo." Akashusha mkono zaidi, maji yakafika kwenye kiwiko, yakafika kwapani, shavu lake likawa juu ya maji. Mkono wake ukatambaa kilimani kama pweza, ukapita jiwe hili na lile, ukafika chini kabisa mguuni. Ukalikamata lile nililoliuliza mimi.

Ghafla akasimamisha mkono, macho yakamtoka.

"Nini?" aliuliza Kidawa.

"Mjomba ameniuma."

Watu walicheka, Damiani naye akacheka, na katikati ya kicheko hicho Hasani alivuta.

Jiwe lilitoka. Sauti ilisikika hata nje ya kioo, kama mlango uliofungwa katika nyumba ya jirani. Mchanga ukapanda wingu jeupe, likafunika kilima cha kushoto, likafunika na kijia, na hatukuona kitu. Ndugu Laurenti alikuwa amesimama na mikono yote miwili mbele, kana kwamba angeweza kukidaka kioo. Hasani alibaki juu ya ngazi, jiwe kifuani, maji yakimchuruzika, na nikaona kwamba yeye naye alikuwa anaogopa.

Wingu likaanza kushuka. Kwanza tuliona kilele. Kisha tukaona mabega ya kilima. Jiwe lililokuwa juu ya lile lililochukuliwa lilikuwa limeshuka kidogo, kama unene wa kidole, limegeuka, limekutana na jirani yake wa kulia na jirani yake wa nyuma, na hapo likakaa. Juu yake hakuna kilichosogea. Mahali jiwe lilipotoka palikuwa na tundu jipya jeusi, na kabla mchanga haujatua vizuri samaki mmoja mdogo, tasi, aliingia humo, akageuka, akatutazama toka mlangoni.

"Mlipanga hivi?" aliuliza Ndugu Laurenti.

"Nilijua atachukua," Damiani alisema. Sauti yake haikuwa nzuri. "Sikujua lipi."

"Ningemwambia lipi," alisema Hasani, "angelitengeneza hilo moja, mengine yote angeyaacha ya ovyo. Mmakonde namjua mimi."

Ndugu Laurenti aliutazama mwamba muda mrefu. Alikwenda karibu, akachungulia toka pembeni, akachungulia toka juu. Kisha akatembea mpaka kwenye nguzo, akaifungua kamba, akaizungusha mkononi polepole kama mtu anayekunja kamba ya mashua.

"Sogeeni, wazee," aliwaambia watu wa Milola. "Njooni muone vizuri. Watoto mbele."

Wakasogea mpaka pua zikagusa kioo. Yule mzee aliyesema aa alimwona kikande, akasema samaki yule ana sura ya mtoza ushuru. Alipopita karibu na Damiani, Ndugu Laurenti alisimama.

"Jumatatu uje ofisini mapema, mzee, tukamilishe habari ya kazi yako," alisema. "Na utanieleza taratibu huu utani. Kwetu tunao, lakini hatuingizi mikono namna hii."

Alisema kazi yako, na safari hii hakusema tutaona. Nililisikia vizuri, na Kidawa alilisikia, maana alinifinya mkono.

Hasani alishuka akiwa bado amelikumbatia jiwe, kidole kikivuja damu kidogo. Damiani alimwendea. Walisimama wakitazamana, na nilidhani atamshukuru.

"Rudisha jiwe langu," alisema Damiani.

"Likomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa wali na samaki. Na samaki asitoke humu."

"Wewe umelowa mpaka kwapani, mtani. Kwetu wageni wachafu hawali."

"Kwenu watu huoga?" alisema Hasani. "Kwa maji yapi?"

Wakaenda hivyo hadi nje, mmoja amebeba jiwe na mwingine amebeba kanzu ya mwenzake ili isichafuke.

Jioni, kabla ya darasa, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa yote ya siku ile. Kisha nikamwuliza, kwa heshima zote, kama kweli hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma isipokuwa Mmwera. Damiani alikuwa amepiga magoti kando yangu. Alisema Amina kabla sijamaliza.